Asilimia Kumi na Tisa

Umeme umekatika Kitangari, saa mbili kasorobo usiku,
katikati ya jina la Nangumbi, Hassani,
kilo mia nne na kumi na mbili, daraja la kwanza.
Feni ya darini imejizungusha mara tatu kwa mazoea,
kisha ikakumbuka.
Pembeni mwa kioo, kijipicha cha betri: kumi na tisa.

Wakulima sitini na watatu bado wamo
kwenye mfuko wa rambo miguuni pangu, stakabadhi kwa stakabadhi,
na kesho asubuhi orodha ya malipo inatakiwa benki.

Zamani ningeshika kichwa.

Zamani, nasema mwaka juzi, nilipokabidhiwa kompyuta hii,
mtumba, mgongoni ina stika ya shule ya nchi nisiyoijua herufi zake,
niliiacha kwenye chaja usiku kucha, mchana kutwa,
kama mtoto asiyeachishwa ziwa.
Nilifungua kila dirisha, nisifunge hata moja.
Niliilaza juu ya mto wa sufi
nikidhani naienzi, kumbe naiziba pua.
Ikawa inahema. Ikapata moto wa kuchomea korosho.
Ikawa ukiichomoa tu, inakata roho.

Fundi Mnalima wa Masasi aliipasua tumbo,
akapuliza vumbi letu jekundu,
akatoa betri imevimba kama andazi,
akaweka nyingine, na maneno mawili matatu:
usiijaze mpaka imwagike, usiikaushe mpaka ilie;
na hii inayoitwa kumbukumbu, dada, ni meza, siyo ghala,
moto ukizimika, kilichobaki mezani kinafagiwa.
Halafu akauliza, bila kuinua uso:
"Kwenu wapi?"
"Newala."
"Mtu wa Newala anamwaga hivi?"

Nilicheka. Njiani kurudi sikucheka.

Maana mama yangu alishuka bondeni usiku wa manane kwa ndoo moja,
akapanda nayo mteremko, shingo ikitetemeka.
Maji yaliyonawa uso yaliosha miguu,
yaliyoosha miguu yalilaza vumbi la uani,
yaliyooshea mchele alipewa mbuzi,
na kata ilining'inia juu ya mtungi
kama kitu chenye macho.
Hakutuhubiria. Ukichota mara ya pili alisema tu,
"Hayo ni ya kesho."
Leo bomba limefika mlangoni kwake
na bado anafungua koki nusu.

Kwa hiyo nafunga. Nafunga redio, nafunga mtandao,
nafunga picha za harusi ya Esha zilizokuwa zikinisubiri nyuma,
napunguza mwanga mpaka herufi zibaki kama nyayo,
nachagua ule mpangilio wa kubana, wenye alama ya jani.
Kompyuta inashusha pumzi.
Laha moja tu imebaki mezani.

Kila mkulima wa tano, nahifadhi. Kidole chenyewe kinajua.
Mchopa. Likapa. Binti Chilumba na gunia lake moja na nusu,
dole gumba lake la wino limekaa upande.
Kumi na tatu.
Nawasha tochi ya simu, nasoma, nazima; nayo ina kiu yake.
Tisa.
Namrudia Nangumbi: siyo mia nne na kumi na mbili,
ni mia nne ishirini na moja.
Tarakimu zilirukiana taa ikiwa inawaka,
na mimi nikiwa na umeme wa kuchezea.
Kilo tisa za mtu.

Sita. Jina la mwisho. Nahifadhi.
Nahifadhi tena, kwa woga.
Siifuniki tu ilale, maana usingizi nao unakunywa;
naizima kabisa,
nabaki gizani na joto lake mapajani.

Kesho Hassani atakuja dirishani, kofia mkononi,
aulize kama anavyouliza kila msimu:
"Dada Somoe, mimi nimo?"

Imebaki tano.
Sijaigusa.