Misuli

Mkalimani alikuwa kwenye simu,
mji mwingine, nyuma yake mtoto akilia.
Daktari akasema, naye akasema:
"Mama, misuli yake inayeyuka."
Nikaiona minne, nimeikunja mwenyewe kabatini,
na wa tano, wa mistari ya zambarau,
umetandazwa juu ya kipasha joto kule Highfields, ukikauka.
Nguo iyeyuke vipi?

Siyo hiyo, mama. Ya mwilini.
Nyama ya mapaja. Nyama ya mabega.

Usiku ule nilikoroga piko kwenye kikombe cha kahawa,
kile cha sini kilichomeguka mdomo,
kwa mikono ya binti yake Mwanahawa, aolewaye Jumamosi.
Nikakiacha kando ya birika. Nikalala.
Mbarouk akarudi saa kumi alfajiri kutoka ghalani.
Hakuwasha taa, asiniamshe.
Leicester miaka ishirini na sita, hawashi taa.
Huinua kikombe nilichomwekea,
kahawa iliyopoa, bila sukari, ndivyo apendavyo.

Funda moja.

Kilichoniamsha ni bomba lililoachwa likimwaga maji.
Shingo yake imeumuka kama unga wa mandazi uliosahauliwa,
ulimi hautoshi mdomoni.
Akakionyesha kikombe kwa kidole,
kama anayeniuliza bei.

Walimtoboa koo pumzi ipate njia.
Siku ya pili mkojo kwenye mfuko
ulikuwa turungi iliyochemka ikakaukia.
Nesi Gwyneth akaniandikia namba kwenye karatasi:
elfu themanini na ushei.
Ya mtu mzima, akasema, haifiki mia mbili.
Sumu imevunja nyama, nyama imeingia damuni,
figo zilipaswa kuchuja, zimekwama.

Kuchuja. Hilo nalijua.
Msuli mpya ukiufua na nguo nyeupe, unachuja,
na shati la kazi halirudi tena lilivyokuwa.
Nikakaa nikitazama mashine ikimfua mume wangu,
saa nne kila kikao, ikimsuuza, ikimrudisha,
na mkono wangu uliomshika
una piko mpaka kwenye kucha,
haitoki kwa ndimu, haitoki kwa dawa ya meno.

Polisi walikuja. Waliuliza kwa upole.
Niliwajibu kwa Kiingereza changu cha dukani.
Kikombe walikitia kwenye mfuko wa nailoni, wakakiandika jina.
Bi harusi aliolewa mikono mitupu.
Mama yake hajanipigia simu, nami sijampigia.

Wiki ya saba akarudi, kiti kinasukumwa.
Anataka kuvaa mwenyewe.
Anauzungusha ule wa zambarau kiunoni,
vidole vinaishika ncha, vinaiachia,
nguo inaporomoka miguuni.
Mara tatu. Simsaidii, amenikataza kwa jicho.
Mara ya nne napiga magoti nimfungie,
naye anatazama dirishani
mvua ikinyeshea mapipa ya taka.

Kisha anaomba kahawa.
Nawasha taa, mchana ule ule.
Nanusa kikombe, naonja mimi kwanza, nampa.
Sauti yake bado ni upepo:
"Leo je," anasema, "umetia sukari?"