Hodi ya Saa Nane

Saa nane usiku Tudor imelala
ila jenereta ya duka la dawa
na mimi, na kiwambo cheusi chenye alama moja
inayopepesa kama jicho la paka aliyeona kitu.

Naandika jina langu, naandika anwani.
Nabonyeza.
Hodi.

Hodi hii haigongi ubao.
Inashuka ngazi za Bi Mwanakombo
kwa waya tunaouchangia nusu kwa nusu,
inavuka hadi Nyali, inazama,
inakimbia chini ya bahari ndani ya uzi wa kioo
mpaka nchi ya baridi nisiyoijua,
kwenye mashine mia tatu zilizosimama safu safu.
Wanaliita wingu.
Wingu gani lisilonyesha?

Linajibu: Mgeni, sijakutambua,
wala wewe hunitambui. Una yakini?
Ndiyo. Herufi zote tano;
ukiandika nne halikusikii.

Ruhusa imekataliwa.

Mkamburi wa ofisini alinifunza: funguo ni mbili.
Wa wazi mpe yeyote,
wa siri hata mamako asiuone.
Mama, ambaye funguo zake zote
zimo katika fundo moja la leso, akauliza:
“Kitasa mwakigawa, ufunguo mwauficha.
Nyumba yenyewe i wapi?”

Kosa lilikuwa nukta. Nukta moja.
Hodi.
Karibu.

Sasa foleni. Mbele yangu kazi arubaini na moja,
zimejipanga kama mitungi ya njano bombani kwetu:
mwenyewe kalala,
mtungi wake wamshikia zamu.

Nimeleta picha za mikoko, zilizopigwa kutoka juu.
Naliomba wingu linihesabie miti iliyosalia
katika hori hii hii,
hatua sitini kutoka kitandani pangu.
Ningetoka nikaihesabu kwa kidole,
lakini mfadhili hataki kidole. Ataka jedwali.

Stima ikapotea.
Kisanduku cha intaneti kikafumba taa zake nne,
kiwambo kikaganda katikati ya neno.

Mwaka jana nililia.
Hesabu ya siku tatu ilikufa na taa
kwa kuwa niliishika mkononi, na mkono ukakatika.
Siku hizi naiambia kazi: fanya,
hata nikiondoka.
Nikaondoka. Nikafungua dirisha.
Tope, chumvi, na weusi
usiohesabika.

Stima ilirudi na mafriji ya mtaa mzima
yakikohoa kwa pamoja. Kumekucha.
Hodi.
Karibu.
Elfu kumi na nne, mia mbili na sita.

Nikainakili kwenye jedwali, tarakimu kwa tarakimu.
Dirisha lilikuwa bado wazi
niliposikia shoka huko chini:
pa. Pa.
Likapumzika.
Pa.

Nikaifuta ile sita.
Alama ikabaki inapepesa.