Swali la Thelathini na Saba

Nilifika Kwemhosi saa mbili asubuhi,
kishikwambi kwapani, chaji asilimia sitini,
maswali arobaini na mawili
na visanduku vyake vya kutia tiki.

Miaka sita, miradi minne, wafadhili wanne,
na sasa wameketi meza moja Tanga mjini
wakaulizana: hivi kwa pamoja tumefanya nini?
Nikatumwa mimi, kwa posho ya siku nane,
nikapime.

Bi Zaujia Mntambo alinipa kigoda,
yeye akaendelea kupanga machungwa chini,
mafungu ya matano matano.
Nikafungua orodha.
Mradi wa maji: yumo, namba kumi na nne.
Mradi wa kuku: yumo, namba tisa.
Kikoba: yumo, ukurasa wa pili.
Mafunzo ya kubebesha miche: yumo,
sahihi yake imejikunja kama mkia wa kinyonga.
Ripoti nne, wanawake wanne walionufaika,
na mbele yangu kaketi mmoja.

"Kumbe niko wengi hivyo!" akasema.
"Mbona palizi ya juzi nililima peke yangu?"

Swali la tano: kipato kwa mwezi.
"Mwezi gani, mwanangu? Wa machungwa au wa njaa?"
Kisanduku hakijui njaa.
Nikajumlisha, nikagawa kwa kumi na mbili,
nikapata pesa ambayo hajawahi kuishika.

Swali la kumi na tisa: mradi upi
umebadili maisha yako zaidi? Chagua mmoja.
Akamwita jirani kwa kicheko:
"Mwashabani! Njoo usikie, naulizwa kati ya mafiga
ni lipi lililoivisha bada!"

Kisha akaweka chungwa chini.

"Bomba lilipofika, Tumu akaacha kuamka saa tisa.
Usingizi ule ndio uliomfaulisha.
Alipofaulu, sare nikakopa kikoba.
Mkopo nikaulipa kwa mayai,
kideri kikaja, akabaki tetea mmoja kichaa,
nikamalizia kwa machungwa ya miche ile.
Haya, kisu hiki hapa.
Kata, uniambie kipande kipi cha nani."

Sikukata. Nikatia tiki kwenye "Sijui",
ingawa aliyekuwa hajui ni mimi.

Swali la thelathini na saba: Mengineyo.
Herufi mia na hamsini, usizidishe.

Mwashabani ndiye aliyejibu.
Mwezi wa nne, mkutanoni,
walimwambia Mwenyekiti Chambo afungue daftari la pesa za maji.
Akasema kalisahau nyumbani.
Wakamsindikiza.
Wanawake kumi na wawili, mvua inanyesha,
nyuma yake kimya kimya hadi mlangoni,
wakasimama upenuni mpaka daftari likatoka.
"Zamani tungesema haya, tukarudi jikoni."
Nikapekua malengo ya miradi yote minne.
Kumsindikiza mwenyekiti hakumo.

"Na nyumba ile ya bondeni?" nikauliza.
Wakatazamana.
Ni ya Mama Shekiondo. Bomba halikushuka huko.
Kikoba kilitaka hisa, hana.
Siku ya kuku alikuwa Bombo, anauguza.
Nikamtafuta katika orodha zote:
sifuri, sifuri, sifuri, sifuri.

Nilijua hesabu itakavyokwenda ofisini.
Mmoja ana miradi minne, mwenziwe hana hata mmoja,
wastani utawashika mikono wote wawili
na kutangaza kwamba kila mmoja ana miwili,
na grafu itapanda, rangi ya kijani,
na watu watapiga makofi wakinywa chai.

Nikaandika: "Walimsindikiza mpaka kwake, mvuani."
Herufi zilibaki. Sikujua cha kuongeza.

Bi Zaujia akanifungia fungu moja,
matano, kisha akachomeka la sita.
"Hilo la nini?"
"La njiani. Usiliandike."

Kishikwambi kilizima kabla sijafika barabarani.
Pikipiki ya Muheza ikapunguza mwendo, dereva akapiga honi.
Nikampungia mkono apite,
nikageuka, nikashuka bondeni
na machungwa yangu sita,
kupiga hodi mahali ambapo sina fomu.