Ibara ya Saba, Gulwe

Nchi yangu ilitia saini kwa kalamu ya wino,
mbali, kwenye meza iliyotandikwa kitambaa.
Sikuwapo. Mama anasema mwaka ule
nilikuwa na surua, nimefungiwa chumbani Kizota.

Leo ahadi ile imefika mikononi mwangu
kwa pikipiki ya kukodi kutoka Mpwapwa,
pamoja na daftari, pedi ya wino wa zambarau,
na barua ya Mtumba: takwimu ziwe mezani Ijumaa,
taarifa ya nchi inasubiriwa.
Ibara ya saba wameipigia mstari:
mtoto ataandikishwa mara tu azaliwapo.

Mara tu.

Nimewakuta kwenye foleni tangu alfajiri,
darasa la pili B, mbele ya ubao wa hesabu za kutoa:
watoto wenye ndevu, watoto wenye watoto.

Amezaliwa lini?
Mtama ulipoliwa na kweleakwelea.
Lini, mama?
Kabla kisima cha misheni hakijakauka.

Naandika, nafuta. Fomu ina vijumba vinane,
viwili vya siku, viwili vya mwezi, vinne vya mwaka,
na ndege hawaingii humo.

Saa sita akaja Masima Chilewa na bintiye Nyemo,
na nyuma yao, hatua kumi, mkewe Mbeleje.
"Andika kumi na nane," akasema sijauliza.
"Alitimiza mwezi uliopita."
Nje, mgungani, wamefungwa ng'ombe saba
ambao bado si wake.
Nyemo anatazama ubao. Hesabu moja imekosewa:
hamsini na mbili toa kumi na tatu, thelathini na saba.
Naiona midomo yake ikiisahihisha.

Ningeweza kuandika. Kalamu haina macho,
na fomu haina mahali pa kuuliza ng'ombe ni wa nani.
Kumi na nane ni namba safi. Ijumaa ingefurahi.

Ndipo Mbeleje akasema na sakafu:
"Huyu nilimzaa usiku reli ilipochukuliwa na maji.
Treni ikalala hapa siku tatu.
Abiria mmoja, nesi wa Tabora,
ndiye aliyemkata kitovu.
Mkuu wa stesheni aliandika kitabuni,
maana nesi alimtuma maji ya moto."

Hata mbuzi walinyamaza.

Nikatembea mwenyewe hadi stesheni.
Kitabu kipo, mchwa wamekula pembeni,
na ndani, kati ya mabehewa na tani za karanga:
*Saa nane na dakika arobaini usiku. Njia imekatika.
Mtoto wa kike.*
Basi.

Nikahesabu kwa vidole, kisha kwa kalamu.
Kumi na minne, na miezi miwili.

Wale wa meza yenye kitambaa sijui
waliwaza nini wino ulipokuwa ukikauka.
Labda chakula cha mchana.
Mbeleje alibonyeza dole gumba kwenye pedi,
akaliinua, akalitazama kama mtu anayekagua jeraha,
kisha akaligandamiza palipoandikwa *Shahidi*.
Zambarau ikavuka mstari.

Masima hakupiga kelele. Alitoka, akafungua kamba,
na ng'ombe wakashuka polepole kuelekea Kinyasungwe,
mmoja akigeukageuka.

Mbeleje atalala wapi usiku wa leo? Fomu haikuuliza.
Nimeuliza mimi. "Kwa dada," akasema,
na hakusema dada yuko wapi.
Nimeandika namba yangu ya simu nyuma ya stakabadhi.
Ibara haikuniagiza hilo.

Ijumaa nitapeleka: wasichana arobaini na mmoja,
wavulana thelathini na sita.
Kwenye taarifa ya nchi
Nyemo atakuwa punje ndani ya asilimia.

Alipokuwa akitoka aliokota chaki,
akafuta saba kwa kiganja,
akaandika tisa.