Kisiwa Kwenye Jino

Paskalina Tluway alikuja kuchukua meno ya baba yake,
seti ya juu, ufizi wa waridi niliouchagua mwenyewe.
Nikamwambia asubiri, bado napiga msasa.
Ndipo akafungua pindo la khanga:
"Na hili je, fundi? Nimeliokota Manyara,
pale ziwa lilipojivuta likaacha magadi."

Zito. Zito kuliko haki yake.
Rangi ya chai kavu iliyolala.
Nililigonga kwenye kaunta, likalia kama kigae.
Nikaliramba (msinicheke,
kinywa ndiyo ofisi yangu mwaka wa ishirini na sita):
baridi, na chumvi ya mbali.

Meno ya watu nayajua hata umeme ukikatika.
Hili lilikuwa bapa juu, lenye mikunjo, la mla majani.
Nikavuka barabara kwa Mfinanga wa bucha.
Akatoa taya la ng'ombe, bado lina damu,
akaweka jino kando ya jino.
"La ng'ombe lina kijiti katikati, ona,
kama mtoto aliyebanwa na wazazi kitandani.
Lako halina. Lako limenyooka kama tofali."
Basi punda, nikasema. Punda, au milia.

Jumapili, badala ya ibada ya pili,
nilikuwa nyuma ya mnada wa Kisongo
na fuvu la punda magotini, lenzi ya kazini jichoni,
nikifuata mstari wa enameli
kama anayesoma ramani ya kiwanja chenye kesi.
Kwa punda, upande wa ulimi, kuna rasi,
ncha ndogo iliyoshikana na bara.
Kwa jino la Paskalina
bahari imepita katikati.
Kisiwa. Umbo la yai,
hakigusani na chochote.
Nikaligeuza, nikalipangusa, nikaanza upya.
Kisiwa.

Kijana wa makumbusho, kule Boma, hakumaliza hata dakika:
"Farasi wa kale huyo. Vidole vitatu kila mguu.
Wameisha."
Alisema hivyo, wameisha,
kama muuza mkate saa nne asubuhi.

Ijumaa Paskalina akarudi na baba yake.
Mzee akavaa meno, akayasukuma kwa ulimi,
akaagiza hindi la kuchoma kwa yule mama wa nje,
akalishambulia mstari kwa mstari bila kututazama.
Nikamweleza binti: vidole vitatu, kisiwa,
miaka ambayo mashine yangu ya hesabu haina nafasi yake.
Alisikiliza. Kisha akauliza jambo
ambalo yule kijana hakuligusa, nami sikuliwaza:
"Alikufa mzee?"

Nikalishika tena. Hapo sasa ni nyumbani kwangu.
Taji lote lipo, halijalika hata robo.
"Hapana," nikasema. "Alikuwa na majani mengi mbele yake."

Akalifunga kwenye pindo, fundo juu ya fundo.
Baba yake akageuza gunzi,
akatafuta punje iliyosalia.