Daftari la Getini

Ghala la korosho, Newala. Daftari lina safu tatu:
jina, kuingia, kutoka.
Malori yakiisha, naandika mwezi.

Siku ya pili, kipande cha ukucha:
nimeukuta kazini, umetoka saa mbili kasorobo.
Ya saba, umeaga saa sita, chai yangu ikichemka.

Ya kumi na nne tuliingia pamoja,
mwekundu kwa vumbi, mpana kupita mlango wa ghala,
tukakesha hadi majogoo. Betri za kurunzi nikaziweka mfukoni.

Kisha uchelewaji:
saa moja, saa mbili kasoro, saa tatu kasoro,
na hauombi radhi.
Ya ishirini na saba umefika alfajiri, mgongo umepinda
kama Chinguile, mwenye zamu hii kabla yangu.

Bi Nandonde wa chama akafungua kurasa, kidole mbele:
"Huyu Mwezi ni kibarua wa nani?
Na hizi siku mbili mbona hakuja?"

Nikavuta kalamu. Penye nafasi nikaandika:
yupo, haonekani.

Akafunga daftari taratibu. Juu ya jalada
jina la Chinguile halijafutwa.