Daka Halina Mtu

Nadharia yako, Sista Somoe, uliiandika
nyuma ya chati za joto zilizokwisha kazi,
kwa penseli, usiku wa zamu, Langoni,
jenereta ikikohoa kama mgonjwa wa kumi na tatu
katika wodi ya vitanda kumi na viwili.

Mtu ni nyumba, uliandika.
Si nyumba yoyote: nyumba ya Kiamu,
ya matumbawe na chokaa,
yenye daka la kupokea majirani,
kiwanda cha kupokea jua,
msana, ndani, na ndani ya ndani
ambako hata mwenyewe huingia kwa hodi.
Na birika, lenye visamaki vya kula viluwiluwi,
maana hata maji yaliyotulia
yanahitaji kiumbe wa kuyaangalia.

Chumvi ikipanda ukutani, ulituambia,
fundi mjinga hupaka chokaa juu yake.

Mimi nilikuwa fundi huyo.
Mwaka wa kwanza chuoni, sare ingali na makunyanzi ya dukani,
nilimfunga Mzee Shee Kombo kidonda cha mguu
siku arubaini, bandeji nyeupe pee,
na sukari haishuki, na kidonda hakifungi.
Ulikuja, hukukigusa. Ukavuta kigoda.
"Dakani kwako hukaa nani?"
Akanyamaza. Kisha, macho darini:
tangu mguu unuke, hakai mtu. Hata mimi.
Mchonga milango, miaka hamsini,
amejifungia nyuma ya mlango wake.

Dawa hukuzipuuza; hukuwa mtu wa maneno matupu.
Ila ulituma pia mtu Mkomani
akalete patasi na kipande cha mbambakofi,
ukamwita mjukuu wake, Barke,
ukamfunza kuosha kidonda
na kukaa baada ya kuosha,
bila haraka, bila kuziba pua.
Vidole viwili vilikatwa. Sitadai muujiza.
Lakini wodi nzima ililala na vumbi la mbao shukani,
na matroni alipolalamika
ulisema: hilo nalo liandikwe kwenye chati.

Nairobi walikurudishia kurasa zako
kwa barua ya mistari mitatu: takwimu ziko wapi?
Ulicheka mpaka ukapaliwa.
Barua ukaifunikia mtungi.

Mwaka wa kufa kwako nilikuja na mashine ya presha,
nikakufunga mkono kabla ya salamu.
"Mia na sabini," nikasema, uso umekunjamana.
Ukanitazama, mkono bado umevimbiwa na mpira.
"Na shikamoo, mwanangu?
Imepanda au imeshuka?"

Niliona haya hadi visiginoni.
Nikakaa. Tukazungumza mpaka adhana,
juu ya paka wako, na deni la Barke,
na jinsi usiku ulivyokuwa mrefu siku hizo.
Hicho cha mwisho sikukiuliza vizuri.
Bado kinaniamsha.

Sasa niko Malindi, wodi ya wanawake.
Fomu ina visanduku: umri, uzito, mapigo.
Hakuna kisanduku cha daka.
Kwa hiyo naandika pembeni, kwa penseli,
herufi ndogo: daka halina mtu.

Jana daktari wa zamu, kijana, alisoma, akauliza
huu ni ugonjwa gani.
Nikamsogezea kigoda.